Nani Mwenye Okpo?

Kusini-mashariki mwa Korea kuna kisiwa kiitwacho Geoje, na upande wake wa mashariki bahari imejipenyeza katikati ya vilima na kufanya ghuba tulivu ya Okpo. Mwaka 1592 jemadari Yi Sun-sin aliwakuta Wajapani wametia nanga humo, akawashambulia na kupata ushindi wake wa kwanza katika vita vilivyodumu karibu miaka saba. Wakati wa Vita vya Korea kisiwa hicho kiligeuzwa kambi ya mateka, na zaidi ya watu 150,000 wakafungiwa humo nyuma ya seng'enge. Vita vilipokwisha, watu wa Geoje walirudia uvuvi na kilimo chao, hadi mwaka 1973 yalipoletwa matingatinga kuja kuchimba shimo.

Shimo hilo leo ni gudi namba 1 la Okpo. Urefu wake ni mita 530, upana mita 131, na juu yake imesimama winchi yenye uwezo wa kuinua tani 900. Kampuni inayolimiliki inaitwa Hanwha Ocean. Kwa miaka mingi iliitwa Daewoo. Kabla ya Daewoo, gudi lilikuwa la shirika jingine kabisa, ambalo lilishindwa kulimaliza. Katikati ya majina hayo yumo tajiri aliyeikimbia nchi yake, imo benki ya serikali iliyokaa na kiwanda kwa zaidi ya miaka 20 huku ikitafuta wa kumwachia, wamo wakurugenzi waliofungwa jela, na wapo mafundi wa kuchomelea ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kiwanda kiuzwe kwa nani. Habari za maajabu ya uchumi wa Korea zimesimuliwa sana. Ya Okpo inastahili kusimuliwa kwa namna yake, kwa sababu hapa mwenye mali na mbeba hasara ni mara chache wamekuwa mtu mmoja.

Januari 1973 Rais Park Chung-hee alitangaza kwamba nchi itaelekeza nguvu zake kwenye viwanda vizito: chuma, kemikali, mashine, elektroniki na meli. Tayari huko Ulsan, Chung Ju-yung wa Hyundai alikuwa anajenga kiwanda cha meli na, papo hapo, anaunda ndani yake meli mbili kubwa za mafuta alizoagizwa na Mgiriki George Livanos. Serikali ilitaka kiwanda cha pili kama hicho. Kazi ikapewa shirika kongwe la Busan, Korea Shipbuilding and Engineering, ambalo mizizi yake ilianzia kiwanda kilichofunguliwa na Wajapani mwaka 1937 enzi za ukoloni, kikataifishwa baada ya uhuru, kisha kikauzwa kwa mtu binafsi mwaka 1968. Ujenzi wa Okpo ulianza Oktoba 1973. Mwezi huohuo vita vililipuka Mashariki ya Kati, Waarabu wakazuia mafuta yao, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda mara nne. Gudi la Okpo lilikuwa limepimwa kwa ajili ya meli za kubeba mafuta, tena zile kubwa kuliko zote, na ghafla hakuna aliyezihitaji. Ujenzi ukasuasua miaka mitano.

Mwaka 1978 serikali ilimtafuta mtu wa kumtwisha mzigo huo, ikampata Kim Woo-choong. Kim, mzaliwa wa Daegu, alikuwa ameanzisha Daewoo mwaka 1967 kwa kuuza vitambaa na nguo nje ya nchi, na katika miaka kumi akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Korea. Alijulikana kwa kuchukua kampuni zilizokuwa mahututi na kuzisimamisha. Miaka miwili tu nyuma alikuwa amepewa kiwanda cha mashine kilichoelemewa na madeni, akakifufua. Okpo hakuitaka. Hata hivyo, katika Korea ya Park mikopo yote mikubwa ilipitia mkononi mwa serikali, na mfanyabiashara aliyeishi kwa mikopo hiyo hakuwa na nafasi ya kusema hapana. Daewoo ikachukua usukani, Benki ya Maendeleo ya Korea, ambayo ni mali ya serikali, ikabaki na sehemu ya hisa, na mwaka 1981 kiwanda kikazinduliwa.

Hapo ndipo ulipofungwa uhusiano uliodumu miaka 40 na ushei. Kiwanda kilizaliwa kwa amri ya serikali, kikalelewa kwa fedha za benki ya serikali, kikavalishwa jina la mtu binafsi.

Miaka ya mwanzo haikuwa mizuri. Ili kupata kazi, Okpo ilipunguza bei hadi mahali ambapo washindani wa Japani na Ulaya walishindwa kuifuata. Mkataba mkubwa kuliko yote ulitoka kwa Malcom McLean, Mmarekani aliyeanzisha usafirishaji wa makontena. Kampuni yake, United States Lines, iliagiza meli 12 za makontena kwa dola milioni 570, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba makontena zaidi ya 4,000, kubwa kuliko nyingine yoyote baharini wakati huo. McLean aliamini mafuta yataendelea kuwa ghali, kwa hiyo akataka meli za mwendo wa pole zinazobana matumizi. Okpo ilizikamilisha zote kati ya 1984 na 1985. Kisha bei ya mafuta ikaporomoka, meli za washindani zikaenda mbio kwa gharama ndogo, na Novemba 1986 United States Lines ikafilisika. Meli zilikuwa nzuri na ziliendelea kufanya kazi kwa wenye meli wengine. Aliyezinunua ndiye aliyezama.

Mishahara nayo ilikuwa duni. Majira ya joto ya 1987, baada ya maandamano ya Juni kuulazimisha utawala wa kijeshi kukubali uchaguzi wa rais, viwanda vya Korea nchi nzima vililipuka kwa migomo, na Okpo haikubaki nyuma. Tarehe 22 Agosti, katika maandamano ya wafanyakazi hao, fundi kijana aitwaye Lee Seok-kyu alipigwa na kombora la gesi ya machozi, akafa. Miongoni mwa waliokwenda Okpo kusimama na wafanyakazi na kudai kifo hicho kichunguzwe alikuwamo wakili mmoja wa Busan. Alikamatwa kwa kosa la kuingilia mgogoro usiomhusu, akawekwa ndani, na leseni yake ya uwakili ikasimamishwa. Jina lake Roh Moo-hyun. Miaka 15 baadaye alichaguliwa kuwa rais wa nchi.

Mwaka 1989 kiwanda kilikuwa karibu kuzama kwa madeni. Serikali iliahirisha malipo ya sehemu kubwa ya deni na kuongeza mikopo mipya, kwa sharti kwamba Daewoo iuze baadhi ya kampuni zake nyingine. Kim mwenyewe alihamia Okpo, akaishi kiwandani zaidi ya mwaka mmoja na kuwatembelea wafanyakazi majumbani mwao. Haki yake apewe: hiyo ilikuwa miaka yake bora. Gharama zilishuka, ubora ukapanda, na Okpo ikaanza kuunda manowari za kuzamia kwa ajili ya jeshi la majini. Ya kwanza ya aina hiyo iliundwa Kiel, Ujerumani, na mafundi wa Korea wakajifunza kwayo. Zilizofuata zikaundwa Okpo. Mwaka 1994 kiwanda kilipounganishwa na Daewoo Heavy Industries, kilikuwa kimeanza kutoa faida.

Faida hiyo haikukaa. Daewoo ilikuwa imekuwa kundi la pili kwa ukubwa Korea, ikitengeneza magari hadi Poland na Uzbekistan, na kila ilipotanuka ilitanuka kwa mkopo. Msukosuko wa fedha wa Asia wa 1997 uliyakata makundi mengine pumzi, yakapunguza mwendo, Kim aliongeza. Mwaka 1999 kundi zima lilianguka likiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 50. Kim aliondoka nchini mwezi Oktoba, akaishi ughaibuni hadi Juni 2005 aliporudi na kukamatwa. Mahakama iliona kwamba hesabu za Daewoo zilitiwa chumvi kwa matrilioni ya won, ikamfunga, na ikaamuru alipe won trilioni 17.9. Alisamehewa kifungo mwishoni mwa 2007. Alipofariki Desemba 2019, karibu fedha hizo zote zilikuwa hazijalipwa.

Okpo yenyewe haikuwa imekufa. Oktoba 2000 ilitengwa na mabaki ya Daewoo ikawa kampuni inayojitegemea, iliyokuja kuitwa Daewoo Shipbuilding and Marine Engineering. Mikopo ambayo isingelipika iligeuzwa kuwa hisa, na kwa njia hiyo Benki ya Maendeleo ikajikuta ndiyo mwenye mali mkuu. Hili tuliangalie kwa utulivu, maana ndilo kiini cha yote yaliyofuata. Benki haikununua kiwanda kwa sababu iliamini katika meli. Ilikipata kama mkopeshaji anavyobaki na shamba la aliyeshindwa kulipa, na nia yake tangu siku ya kwanza ilikuwa kukiuza.

Bahati ikawa upande wake. Mwanzoni mwa karne hii China ilifungua milango ya biashara na dunia ikakosa meli za kutosha. Okpo ilijijengea jina hasa katika meli za kubeba gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika. Kazi hiyo haitaki mchezo: gesi hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na kuta za matangi zimeundwa kwa tabaka la metali nyembamba ambalo mchomeleaji hapaswi kuacha tundu hata la sindano. Viwanda vitatu vya Korea, yaani Hyundai, Samsung na Daewoo, vilikamata soko hilo karibu lote. Viwili kati yake viko kisiwa kimoja, kwani Samsung nayo iko Geoje, upande wa pili wa vilima.

Mwaka 2008 benki iliona wakati wa kuuza umefika. Mnunuzi aliyeshinda alikuwa Hanwha, kundi lililoanzishwa mwaka 1952 kama kiwanda cha baruti, kisha likaingia kwenye kemikali, bima na silaha. Lilikubali kulipa zaidi ya won trilioni 6 kwa asilimia 50.4 ya hisa, likatanguliza won bilioni 315 kama kishika uchumba. Kabla harusi haijafika, msukosuko uliofuata kuanguka kwa benki ya Lehman Brothers ya New York ulikausha mikopo dunia nzima, na Hanwha ikaomba ilipe kwa awamu. Benki ikakataa. Januari 2009 uchumba ukavunjika, na kama ilivyo desturi, aliyevunja akanyimwa alichotanguliza. Hanwha ilikwenda mahakamani, na kesi ikachukua miaka mingi hadi mwaka 2018 ilipoamriwa irudishiwe won bilioni 126.

Nadhani kosa kubwa lilifanyika baada ya hapo. Benki iliendelea kuwa mwenye mali lakini haikujifunza kuwa mwenye nyumba. Uteuzi wa mkurugenzi mkuu ulifuata upepo wa siasa. Wastaafu wa jeshi, wa siasa na wa benki yenyewe walilipwa kama washauri, na hata mkurugenzi wa fedha alitoka katika benki hiyohiyo. Kwa nje mambo yalipendeza. Mwaka 2011 kampuni ya Maersk iliagiza Okpo meli 20 za makontena zenye urefu wa mita 400, na ya kwanza, iliyokabidhiwa Julai 2013, iliweza kubeba makontena zaidi ya 18,000. Uingereza, taifa lililowahi kuziuzia meli nchi nyingi, mwaka 2012 iliagiza Okpo meli nne za mafuta za kuhudumia jeshi lake la majini. Afrika pia ilikuwamo: mtambo wa Pazflor, unaoelea na kuchakata mafuta ya Angola, ulitoka Okpo mwaka 2011.

Mitambo hiyo ya mafuta ndiyo iliyoficha ugonjwa. Pipa lilipokuwa juu ya dola 100, kampuni za mafuta ziliagiza mitambo ambayo haijawahi kuundwa, na viwanda vya Korea vikagombania kazi kwa bei za kukatana shingo, vikisanifu huku vikijenga. Malipo mengi yalisubiri siku ya makabidhiano. Kwa hiyo katikati ya kazi mapato hukadiriwa kwa kulinganisha gharama zilizokwisha kutumika na gharama zote zitakazotumika: ukitumia nusu, unaandika nusu ya mapato. Sasa chukua kazi itakayogharimu 100, useme itagharimu 80. Ulizotumia 40 zinageuka nusu ya safari, na nusu ya mapato inaingia kitabuni wakati kazi haijafika huko. Ndivyo ilivyofanyika Okpo, mwaka baada ya mwaka. Kwa 2013 na 2014 kampuni ilitangaza faida ya uendeshaji ya zaidi ya won bilioni 400 kila mwaka, wakubwa wakalipwa bakshishi zao, na washindani walioripoti hasara wakabaki wanashangaa Okpo ina siri gani.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Okpo ilikuwa na daftari, tena limepigwa mhuri na wakaguzi wa hesabu, na mali ikapotea vilevile.

Mafuta yaliposhuka chini ya dola 50, ukweli ulikosa pa kujificha. Katika robo ya pili ya 2015 kampuni ilikiri hasara ya won trilioni 3 kwa mkupuo mmoja. Hesabu za nyuma zilipoandikwa upya, faida za 2013 na 2014 ziligeuka kuwa hasara. Waendesha mashtaka walisema chumvi iliyotiwa ilifika trilioni 5 na zaidi. Ko Jae-ho, aliyeongoza kati ya 2012 na 2015, alihukumiwa miaka 10, ikapunguzwa hadi 9 kwenye rufaa. Mtangulizi wake, Nam Sang-tae, naye alifungwa, na mkurugenzi wa fedha vilevile. Baadhi ya wakaguzi walikwenda jela, na kampuni yao, Deloitte Anjin, ikazuiwa kwa mwaka mmoja kuchukua wateja wapya wa aina hiyo. Biashara ya hisa za Okpo ilisimamishwa sokoni kwa zaidi ya mwaka; mstaafu aliyekuwa ameweka akiba yake humo hakuweza hata kuziuza.

Angola ilirudi katika habari hii kwa mlango mwingine. Sonangol, shirika la mafuta la serikali yake, lilikuwa limeagiza mwaka 2013 meli mbili za kuchimba mafuta kwa zaidi ya dola bilioni 1.2. Mafuta yaliposhuka, Sonangol haikuwa na fedha za kuzichukua, na meli hizo zikabaki Okpo hadi mwaka 2019. Fikiria mnyororo huo: serikali moja ya Afrika inategemea bei ya pipa, shirika lake linashindwa kulipa, na pengo linazibwa na benki ya serikali huko Seoul kwa fedha za mlipakodi asiyejua Luanda iko wapi.

Oktoba 2015 serikali ilikubali kuipa kampuni msaada wa won trilioni 4.2. Haukutosha. Machi 2017 ikaongeza mikopo ya trilioni 2.9, safari hii kwa sharti kwamba waliokuwa na hati fungani za kampuni, ukiwamo mfuko wa pensheni wa taifa, wakubali kugeuza sehemu ya madai yao kuwa hisa. Wakakubali kwa shingo upande. Wiki chache kabla, Februari mwaka huohuo, mahakama ya Korea ilikuwa imeitangaza Hanjin Shipping kuwa mufilisi. Hanjin ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za usafirishaji wa makontena nchini humo, na iliachwa ife kwa kukosa kiasi kidogo mno kulinganisha na kilichomiminwa Okpo. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba kiwanda kikifungwa, kisiwa kizima kitakufa nacho, pamoja na maelfu ya karakana zinazokiuzia vipuri. Hoja hiyo naikubali. Nisichokubali ni kwamba hoja ya kuwaokoa watu wa Geoje ilitumika kuiokoa mizania, halafu watu wa Geoje wenyewe wakapunguzwa kazini.

Maana mafundi hawakuwa wamekosea kitu. Katika miezi ileile ambayo wakubwa wao walikuwa wanapanda kizimbani, walikuwa wanakamilisha meli ya Christophe de Margerie, ya kwanza kati ya 15 za kubeba gesi kutoka Yamal, kaskazini mwa Urusi. Meli hiyo hufanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 52 chini ya sifuri na kuvunja barafu yenye unene wa mita 2. Mwaka 2017 ilipita njia ya bahari ya kaskazini bila kutanguliwa na meli ya kuvunja barafu, jambo ambalo halijawahi kufanywa na meli ya shehena ya aina hiyo. Waliochomelea chuma chake wengi hawakuwa hata waajiriwa wa Daewoo. Walikuwa wa makandarasi wadogo wanaofanya kazi ndani ya kiwanda, na mambo yalipokuwa mabaya, wao ndio walianza kupunguzwa. Sekta ya meli Korea iliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya 200,000 mwaka 2014 ilibaki na chini ya 100,000 miaka michache baadaye.

Benki ilijaribu tena kuuza. Machi 2019 ilitia saini na Hyundai Heavy Industries, jirani na hasimu wa miaka 40. Kazakhstan, Singapore na China ziliridhia. Umoja wa Ulaya ulichunguza kwa muda mrefu, na tarehe 13 Januari 2022 ukapinga: kampuni hizo mbili zikiungana zingeshika angalau asilimia 60 ya soko la meli kubwa za kubeba gesi, na wanunuzi wa Ulaya wasingekuwa na pa kukimbilia. Majira hayo ya baridi Wazungu walikuwa wanalipia gesi bei ambayo hawajawahi kuiona, kwa hiyo hawakuwa tayari kuona hata meli za kuileta zikipanda bei. Miaka mitatu ya kungoja ikaishia hapo.

Juni mwaka huohuo wafanyakazi wa makandarasi waligoma. Walidai warudishiwe asilimia 30 ya mishahara ambayo, kwa hesabu yao, ilikuwa imekatwa miaka ya dhiki. Sita kati yao walipanda juu ya jukwaa ndani ya meli ya mafuta iliyokuwa inaundwa katika gudi namba 1. Wa saba, fundi wa kuchomelea, alijifungia chini yao katika kizimba cha chuma chenye upana na kimo cha takriban mita 1. Akajichomelea humo kwa mikono yake mwenyewe, akakaa siku 31 bila kuweza kunyoosha miguu. Meli haikuweza kushuliwa. Serikali ilitishia kutumia polisi, kampuni ikahesabu hasara kwa mamia ya mabilioni, na baada ya siku 51 mgomo ulimalizika kwa nyongeza ya asilimia 4.5. Kisha kampuni ikawashtaki viongozi watano wa mgomo ikidai won bilioni 47. Kwa mshahara wa fundi kama yule, fedha hizo zisingelipika hata kwa maisha kadhaa.

Miezi miwili baada ya mgomo, benki ilimtangaza mnunuzi mpya. Mwenda tezi na omo hurejea ngamani: alikuwa Hanwha. Safari hii bei ilikuwa won trilioni 2 kwa asilimia 49.3, chini ya theluthi moja ya ile ya 2008. Ni haki kuongeza kwamba fedha hizo hazikuingia mfukoni mwa benki. Zilinunua hisa mpya na kubaki kiwandani kama mtaji. Ni haki vilevile kusema kwamba kampuni aliyopewa Hanwha ilikuwa imesafishwa kwa matrilioni ya umma, na kwamba aliichukua wakati oda za meli za gesi zinarudi kwa wingi. Tarehe 23 Mei 2023 makabidhiano yakakamilika, na jina la Daewoo likafutwa.

Hanwha hakukuja kwa ajili ya gesi peke yake. Ni muuza silaha, na Okpo huunda manowari kubwa za kuzamia za Korea, ikiwamo Dosan Ahn Changho ya tani 3,000 iliyoshuliwa Septemba 2018. Meli za jeshi la majini la Marekani zimeanza kwenda Okpo kutengenezwa, na Desemba 2024 Hanwha ilikamilisha ununuzi wa kiwanda cha meli cha Philadelphia kwa dola milioni 100. Oktoba 2025 China ilijibu kwa kuziwekea vikwazo kampuni tano za Hanwha Ocean zilizoko Marekani, kisha mwezi uliofuata ikavisimamisha kwa mwaka mmoja. Kiwanda ambacho Washington na Beijing zinakigombania ni kilekile ambacho miaka kumi iliyopita hakuna aliyetaka kukichukua hata kwa bei ya kutupa.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki kisiwa hicho si kigeni kabisa. Mtambo wa Coral Sul, unaopoza gesi ya Rovuma kuwa kimiminika katika maji ya Cabo Delgado, kusini tu ya Mtwara, uliundwa Geoje, katika kiwanda cha Samsung. Gesi ya bonde hilo haijui mpaka, na siku Tanzania itakapoamua ya kwake itatoka vipi, maswali ya nani anamiliki na nani anadhamini yatakuwa mezani mapema kuliko ya vyuma.

Hesabu za Okpo zenyewe bado hazijafungwa. Mwaka 2024 kampuni ilirudi kwenye faida, hisa zikapanda kuliko ilivyotarajiwa, na Aprili 2025 Benki ya Maendeleo ikaanza kuuza sehemu ya hisa zilizobaki mkononi mwake. Inawezekana, baada ya robo karne, mlipakodi akarudishiwa kiasi kizuri cha alichotoa. Agosti 2025 bunge la Korea lilipitisha sheria inayobana uwezo wa kampuni kuwadai fidia waliogoma, na inayowapa wafanyakazi wa makandarasi haki ya kukaa meza moja na kampuni kubwa inayowatumia. Mwezi Oktoba Hanwha Ocean ikaifuta kesi ya won bilioni 47.